Serikali Haina Dini: Wajibu wa Mtumishi na Mwalimu

(Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya semina ya watumishi wa Serikali na walimu. Tunayachapa karibu yote kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulitamka kwa maneno matatu tu, kisha huamini kuwa amekwisha kulieleza: Serikali haina dini. Maneno hayo tumeyasikia majukwaani tangu siku za TANU, na watoto wetu huyakariri shuleni. Lakini jambo linaloelezwa kwa ufupi mno huishia kueleweka kwa namna nyingi. Yuko anayedhani kuwa maana yake ni kwamba Serikali inamkana Mungu. Yuko anayedhani kuwa maana yake ni viongozi wa dini kufungwa midomo. Na yuko mwingine, ambaye ndiye ninayemwogopa zaidi, anayeyatamka maneno hayo hadharani kwa sauti kubwa, lakini akifika ofisini hutazama kwanza jina la mwombaji kabla ya kutazama vyeti vyake.

Tuanze na Katiba. Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaja nchi yetu kuwa ni ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadili dini yake. Kisha inasema kuwa shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini ni mambo yaliyo nje ya mamlaka ya nchi. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na dini imo katika orodha ya mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo. Na ibara ya 20 inazuia kuandikishwa kwa chama cha siasa chenye kusudi la kupigania maslahi ya kundi la dini.

Tukiziweka ibara hizo pamoja tunaona kuwa zimejenga ukuta wenye pande mbili. Upande mmoja unaizuia dini isiitumie Serikali. Upande wa pili unaizuia Serikali isiitumie dini. Sisi aghalabu huukumbuka upande wa kwanza na kuusahau wa pili.

Kadhalika, hapana budi tuone kuwa ukuta huo si wa kumfukuza Mungu. Wimbo wetu wa Taifa wenyewe ni dua. Bunge huanza kikao chake kwa dua. Rais, Waziri na Jaji hushika Msahafu au Biblia wanapoapa. Sikukuu za Waislamu na za Wakristo zimo katika kalenda ya mapumziko ya nchi nzima, na Mkristo hula pilau ya Idi kwa jirani yake kama vile Mwislamu anavyokaribishwa Krismasi.

Mataifa hayakufuata njia moja katika jambo hili. Marekani iliweka katika Katiba yake, kwa marekebisho ya mwaka 1791, kwamba Bunge lao lisitunge sheria ya kuanzisha dini ya taifa. Ufaransa ilitenga Kanisa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1905, baada ya mivutano mikali. Uingereza, ambayo ndiyo iliyotutawala, haikutenga kabisa: Mfalme wake ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza, na maaskofu 26 wa Kanisa hilo wamekuwa na viti katika Baraza la Malodi. Kwa hiyo jambo hili hatukurithishwa na mkoloni. Tulilichagua wenyewe, kwa sababu za kwetu.

Sababu hizo ni zipi? Nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilikuwa na Waislamu wengi, Wakristo wengi, na wafuasi wengi wa dini za jadi. Lakini elimu haikuwa imegawanyika sawasawa baina yao. Serikali ya Kiingereza ilitoa ruzuku kwa shule, na shule nyingi zilizopata ruzuku hiyo zilikuwa za misheni. Mzazi wa Kiislamu alipotakiwa ampeleke mwanawe huko, aliogopa kwamba mtoto ataingia Juma na kutoka Yohana. Wengi walikataa. Matokeo yake ni kwamba siku bendera ilipopandishwa, wasomi waliokuwa tayari kushika kalamu katika ofisi za Serikali walikuwa zaidi wa upande mmoja. Tena kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1950, kilikuwapo chama cha AMNUT kilichotaka Uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu. Waislamu wengi waliokuwa ndani ya TANU walikikataa chama hicho, kwani waliona kuwa dawa ya dhuluma ya mkoloni haiwezi kuwa kumwongezea mkoloni miaka ya kukaa. Lakini tuseme kweli: tatizo lililotajwa lilikuwapo.

Serikali ililitafutia dawa. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizichukua shule zilizokuwa zikipata ruzuku, ili mtoto aingie kwa sababu amefaulu mtihani, wala si kwa sababu amebatizwa. Shule ya Mtakatifu Francis ikawa Pugu. Ya Mtakatifu Andrea ikawa Minaki. Ya Aga Khan mjini Dar es Salaam ikawa Tambaza. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki, tena alikuwa amefundisha katika shule hiyo hiyo ya Pugu mpaka mwaka 1955, alipoacha kazi ili ashughulikie TANU. Kiongozi anayechukua shule za Kanisa lake mwenyewe na kuzifanya za watoto wote ametuonyesha kwa vitendo maana ya maneno yale matatu.

Ndugu zangu, ningeweza kuishia hapo nikapigiwa makofi. Lakini mwandishi anayesifu tu hawasaidii wasomaji wake. Zipo nyakati ambazo Serikali yenyewe ilikaribia ule ukuta, au ilionekana kuuvuka, na ni vizuri tuzitaje sisi kabla hazijatajwa na wenye nia mbaya.

Mwaka 1968 jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa herufi zake EAMWS, ilipigwa marufuku, na katika mwezi huo huo wa Desemba likaundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, yaani BAKWATA. Wako Waislamu ambao mpaka leo wanaona kuwa Serikali ilikuwa na mkono katika kuamua nani awasemee. Mwaka 1992 Serikali ilitia saini makubaliano na Makanisa juu ya huduma za elimu na afya. Makubaliano hayo yana faida inayoonekana: hospitali ya Kanisa huwa hospitali teule ya wilaya, na mgonjwa wa Kiislamu hutibiwa humo kama mwingine. Hata hivyo Waislamu wengi wameuliza: na sisi je? Baadaye, wakati wa Rais Mkapa, Serikali iliwapatia Waislamu majengo yaliyokuwa ya TANESCO mjini Morogoro, na mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu kikaanza humo. Wapo waliolalamikia hilo pia.

Mimi nasema hivi. Serikali isiyokuwa na dini inaweza kushirikiana na jumuiya ya dini katika kutibu na kufundisha, mradi masharti matatu yatimizwe. La kwanza, huduma iwe wazi kwa kila raia. La pili, mlango ule ule uwe wazi kwa kila jumuiya yenye uwezo wa kutoa huduma hiyo. La tatu, makubaliano yajulikane na wananchi, yasiwe siri ya wakubwa. Palipo na masharti hayo, manung'uniko hupungua. Yakikosekana, hata tendo jema huonekana kuwa ni upendeleo.

Upande wa pili nao umewahi kujaribiwa. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Wapo walioona kuwa ni njia ya kupata misaada ya maendeleo tu. Lakini mambo ya nchi za nje ni mambo ya Muungano, na Muungano hauna dini. Zanzibar ikajitoa Agosti 1993. Kabla vumbi halijatua, kundi la wabunge 55 lilikuwa limekwisha kudai Serikali ya Tanganyika. Tazameni jinsi suala lililoanzia katika dini lilivyofika katika misingi ya Muungano kwa miezi michache tu.

Suala la Mahakama ya Kadhi nalo linatufundisha. Jirani zetu wa Kenya wana makadhi ndani ya Katiba yao, kwa sababu ya makubaliano ya mwaka 1963 juu ya ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Na Katiba yao ya mwaka 2010, ambayo inasema kuwa hakuna dini ya taifa, imewaacha makadhi hao wakiwapo. Zanzibar nayo ina Mahakama za Kadhi. Tanzania Bara haina. Chama chetu kiliandika katika Ilani yake ya mwaka 2005 kwamba suala hilo litapatiwa ufumbuzi. Mjadala ulichukua miaka. Muswada uliofika Bungeni uliondolewa mwaka 2015 kabla ya kupitishwa. Makadhi walio chini ya BAKWATA wameendelea kuwahudumia waumini wanaowaendea kwa hiari yao. Yupo anayeridhika na hali hiyo na yupo asiyeridhika. Lakini kwa mtumishi wa Serikali, funzo ni kwamba ahadi inayogusa imani ya mtu isitolewe kabla haijapimwa, kwani ahadi hiyo ikichelewa haihesabiwi kuwa ni uzembe wa ofisi. Huhesabiwa kuwa ni dharau kwa Mwenyezi Mungu.

Mfano mzuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Hapo Serikali haikumwambia Mwislamu aoe kama Mkristo, wala haikumwambia Mkristo aoe kama Mwislamu, wala haikuidharau ndoa ya kimila. Iliitambua kila moja. Lakini ikaweka kuwa ndoa zote zina ulinzi wa sheria moja, kwamba kwa kawaida mgogoro upite kwanza katika baraza la usuluhishi, na kwamba amri ya talaka itolewe na mahakama. Jumuiya za dini nazo zinaweza kuwa na mabaraza yake ya usuluhishi. Dini ikabaki na nafasi yake, Serikali nayo ikabaki na nafasi yake, na mama mwenye watoto akajua pa kwenda.

Sasa nije kwetu sisi tuliokaa humu.

Tofautisheni, ndugu zangu, dini na udini. Dini ni uhusiano wa mtu na Muumba wake. Udini ni kuitumia dini hiyo kumnyima mtu mwingine haki yake au kujipatia usichostahili. Mwalimu alipozungumza na waandishi wa habari mjini Dar es Salaam, Machi 1995, alilifananisha Taifa na nyumba iliyopata nyufa, na udini ulikuwa mmoja wa nyufa hizo. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumekwisha kuona kuta zikianguka. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Oktoba 2012, ugomvi wa watoto wawili huko Mbagala ulifuatiwa na kuchomwa kwa makanisa. Mwaka 2013, katika Kanda ya Ziwa, watu waligombania nani ana haki ya kuchinja mnyama, na ugomvi huo ukaua mtu. Mwaka huo huo padri aliuawa Zanzibar, na bomu likalipuliwa kanisani Arusha. Hayo yote yametokea katika nchi ambayo Serikali yake haina dini. Kumbe maneno peke yake hayatoshi.

Yanatosha lini? Yanatosha pale mwananchi anapofika kwenye dirisha la ofisi na kuhudumiwa bila kuulizwa jina lake la pili. Mwananchi wa kijijini hasomi Katiba. Yeye anaisoma Serikali usoni mwa karani. Karani akimpa fomu mtu wa msikitini kwake na kumwambia mwingine arudi kesho, basi kwa yule mwingine Serikali imekwisha kuwa na dini, hata kama Katiba inasema vingine. Mkuu wa idara akijaza nafasi za kazi kwa watu wanaosali naye Jumapili, idara hiyo imegeuka parokia. Na ubaya wa jambo hili ni kwamba hauhitaji kuwa wa kweli ili udhuru. Ukionekana tu kuwa upo, huenea. Ndiyo maana nafasi za kazi zitangazwe, usaili ufanywe na zaidi ya mtu mmoja, na sababu za uteuzi ziandikwe kwenye jalada. Hizo taratibu ambazo baadhi yetu huziona kuwa ni urasimu ndizo kinga ya mtumishi mwadilifu siku atakaposhutumiwa.

Wapo wanaosema kuwa dawa ni kuhesabu: tujue wako wangapi wa kila dini, kisha tugawane vyeo kwa uwiano. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza dini ya mtu huku Bara. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walitaka swali hilo lirudishwe, na wengine wakahimiza sensa isusiwe. Naelewa hoja yao: pasipo na hesabu kila mtu hujitungia yake. Lakini zahanati hujengwa kwa hesabu ya wagonjwa, na darasa kwa hesabu ya watoto. Tukianza kugawana madaraka kwa misikiti na makanisa, yule asiye na msikiti wala kanisa atapewa nini? Na siku kundi moja likiongezeka, tutapindua ofisi zote? Hata desturi tuliyoiona katika Urais, Mkristo kumwachia Mwislamu na Mwislamu kumwachia Mkristo tangu mwaka 1985, haimo katika sheria yoyote. Ni heri isiingie. Siku tutakapomchagua mtu kwa sababu ni zamu ya dini yake, tutakuwa tumeacha kumuuliza ana uwezo gani.

Suala la viongozi wa dini kusema juu ya mambo ya nchi nalo linahitaji utulivu. Agosti 2023 Maaskofu Katoliki walitoa tamko juu ya mkataba wa bandari, nalo likasomwa makanisani. Wapo waliosema kuwa wamechanganya dini na siasa. Mimi naona kuwa askofu na shehe ni raia, na raia ana haki ya kusema. Mwalimu mwenyewe, alipozungumza na watawa wa Maryknoll huko Marekani mwaka 1970, alilitaka Kanisa lisinyamaze mbele ya umaskini na dhuluma. Wasichokuwa nacho ni haki ya kuamrisha. Serikali iijibu hoja yao kama inavyojibu hoja ya chama cha wafanyakazi: ikiwa ni ya kweli ikubaliwe, ikiwa si ya kweli ikanushwe kwa ushahidi. Na sisi wa upande wa Serikali na Chama tujiulize pia: ni mara ngapi tumepanda mimbari za watu kunadi siasa zetu baada ya kuchangia mabati ya paa? Huwezi kumwambia shehe au padri akae mbali na siasa Jumatatu, ikiwa Ijumaa au Jumapili iliyopita ulimwomba kipaza sauti.

Mwisho, Ndugu Walimu. Niwasimulie jambo la utotoni mwangu. Shuleni kwetu kulikuwa na kipindi cha dini. Waislamu walikwenda na mwalimu wao chini ya mwembe, Wakristo tukabaki darasani na katekista. Alikuwapo mwenzetu mmoja ambaye wazazi wake walifuata matambiko ya jadi. Hakuwa na mwalimu wa kumfundisha. Basi kila kipindi hicho alipewa ufagio afagie uwanja. Hakuna aliyemchukia, na wala mwalimu hakukusudia kumwadhibu. Ni kwamba hakuna aliyemfikiria. Mimi nilimwona dirishani kwa miaka mitatu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini ni yeye tu. Nilikuja kujiuliza nikiwa Chuo Kikuu, tulipokuwa tukisoma juu ya usawa wa raia mbele ya sheria. Nilijua maana ya ibara hiyo mara moja, kwa sababu nilikumbuka ufagio.

Kwa hiyo nawaomba. Mwalimu afundishe hisabati na historia bila kuhubiri. Kipindi cha dini kiwe kipindi cha dini, na asiyekuwa na mwalimu wa dini yake apewe kitabu asome, asigeuzwe mtumwa wa kufagia. Mwanafunzi asiadhibiwe kwa sababu ya swaumu wala kwa sababu ya sabato, bali utafutwe utaratibu. Mkutano ukifunguliwa kwa dua, iwe ile ambayo kila mtu anaomba kwa imani yake. Na mtoto akiuliza kwa nini Serikali haina dini na hali Rais anasali, mwelezeni hivi: kwa sababu Rais ni mtu mmoja, na Serikali ni yetu sote.